Kuteguka, Kuvunjika, Kuungua na Vidonda: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Kuhusu Kupona

Mimi kazi yangu ni fizio, niko hapa Mwanza, na ukishajulikana mtaani kwamba unashughulika na viungo vya watu basi huna tena Jumapili. Naulizwa kwenye daladala, naulizwa msibani, kuna mzee mmoja alinivulia kiatu tukiwa foleni ya kivuko anionyeshe dole gumba. Maswali mengi yanajirudia, nimeona niyaweke hapa mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia linki. Hii siyo mbadala wa hospitali, na pale nitakaposema nenda hospitali ujue namaanisha leo, siyo mwisho wa mwezi.

Mtu akiumia, ndani mwili unafanya nini hasa?

Chukua msuli wa paja umechanika kwenye bonanza. Dakika za mwanzo mishipa ya damu iliyokatika inajibana, damu inaganda, pengo linazibwa. Ndani ya masaa machache panavimba na kupata joto (ule wekundu wanaoutaja kwenye vitabu kwa ngozi zetu hauonekani sana, we gusa tu utasikia moto), na hapa ndo watu wanaona mambo yameharibika kumbe ndo kazi imeanza, chembe nyeupe za damu zimeingia kuua bakteria na kuzoa vipande vya tishu vilivyokufa. Usafi huo unachukua kama siku 3 mpaka 5. Kuanzia siku ya tatu au ya nne zinaingia seli nyingine zinazotengeneza kolajeni, hizi ni nyuzi za protini zinazoshikilia ngozi, kano, mfupa, karibu kila kitu mwilini, na vimishipa vipya vya damu vinachipua kufuata palipoumia. Hiyo inaenda mpaka wiki ya tatu na zaidi.

Sasa umeshawahi kukaa mwaloni Kirumba ukaangalia wanavyoshona nyavu? Wavu ukichanika usiku katikati ya ziwa, mvuvi hana mda wa kupima, anafunga tundu kwa uzi wowote alionao, fundo juu ya fundo, ilimradi samaki wasipite. Wakifika nchi kavu ndo anakaa chini, anafumua yale mafundo ya haraka, anasuka tundu moja moja kwa uzi mnene akifuata wavu unavutwa kwenda wapi. Kolajeni ni hivyohivyo kabisa. Ya mwanzo ni nyembamba na imekaa shaghalabaghala, halafu kuanzia kama wiki ya tatu mwili unaanza kuifumua na kuweka iliyo nene, iliyopangika, na mpangilio unafuata upande ambao tishu inavutwa. Kazi hii ya mwisho inaweza kwenda mwaka mzima au zaidi. Ndo maana fizio anakusumbua na mazoezi, usipovuta hakuna kinachoambia zile nyuzi zielekee wapi.

Maumivu yameisha, si nimepona?

Hapana. Kama utasoma swali moja tu kwenye ukurasa huu basi soma hili.

Maumivu yanaondoka mapema sana kuliko kupona. Kwa ngozi iliyoshonwa, ikifika wiki ya tatu ina kama asilimia 20 tu ya nguvu yake ya zamani, ikifika miezi mitatu ina kama 80, na hapo ndo inaishia, hairudi 100. Lakini muulize mtu wa wiki ya tatu kama kuna mahali panamuuma, anakwambia nipo fiti.

Mimi mwenyewe kabla sijasomea haya mambo nilitegua kifundo cha mguu kwenye uwanja wa shule, tunacheza kwenye vumbi na vijiwe vyetu vile vya Mwanza, wiki ya pili siumwi nikajiona mwanaume nikarudi, dakika ya kumi kikateguka tena palepale, na safari hii niliposikia kile kimlio nilijua kabisa. Ilinichukua miezi minne. Kifundo kilichowahi kuteguka ndo chenye uwezekano mkubwa wa kuteguka tena, na sababu mojawapo ni huku kuharakisha.

Kwa hiyo usiulize "bado inauma?" Uliza: naweza kusimama kwa mguu huu mmoja nusu dakika bila kuyumba? Naweza kunyanyuka kwa vidole mara ishirini na tano kama upande mwingine? Naweza kuruka na kutua mguu mmoja? Kama upande ulioumia hauufikii ule mzima, bado.

Nimeteguka sasa hivi, niweke barafu au nikande na maji ya moto?

Maji ya moto siku mbili tatu za mwanzo achana nayo, na kuchua kwa nguvu pia achana nako. Pale ndani kuna mishipa imetoboka, ukiongeza joto na kusugua unaongeza damu kuvuja na uvimbe. Najua kwenye familia nyingi mtu akiteguka kabla hajakaa vizuri sufuria iko jikoni na shangazi ameshapandisha mikono ya gauni. Mwambie kwa heshima asubiri.

Barafu ina hadithi yake. Mwaka 1978 daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, ndo aliyeeneza ile kanuni ya pumzika, weka barafu, funga, nyanyua, dunia nzima ikaifuata. Mwaka 2014 mwenyewe akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona, maana ule uvimbe unaoupoza ndo wahudumu wenyewe wa usafi. Kwa hiyo ninachowaambia watu ni hiki, barafu ni dawa ya maumivu, siyo dawa ya kuponya. Inauma sana? Weka dakika 10 mpaka 15, ikiwa imezungushiwa kitambaa, siku ya kwanza ya pili, basi. Zile barafu za watoto za kwenye vifuko zinafaa sana. Ile ya kwenye makasha ya sangara isiguse ngozi iliyochubuka, tafadhali.

Vinavyosaidia kweli: funga bandeji ya kuvutika (siyo mpaka vidole viwe vya baridi au vife ganzi, hapo umezidisha), lala mguu ukiwa juu ya mto kuliko kifua, na usiukanyage kwa siku moja mpaka tatu kama unauma sana. Baada ya hapo anza kuutumia kidogokidogo. Mwaka 2019 wanafizio wawili wa Canada, Blaise Dubois na Jean-Francois Esculier, walipendekeza mwongozo mpya ambao barafu haimo kabisa, na nusu yake ya pili yote ni kupakia uzito, kutembea ili damu izunguke, mazoezi, na kutokata tamaa. Hiyo ya kutokata tamaa msiicheke, mtu anayeamini mguu wake umeharibika moja kwa moja anaogopa kuutumia, na mguu usiotumika unazidi kudhoofika.

Nitajuaje kama ni kuteguka tu au mfupa umevunjika?

Kwa kifundo cha mguu kuna kipimo kizuri cha bure, kilitengenezwa na madaktari wa Ottawa mwaka 1992. Jaribu kupiga hatua nne. Hata za kuchechemea. Ukishindwa hatua nne, au ukibonyeza ule mfupa uliochomoza pembeni ya kifundo (wa nje au wa ndani), kwenye ncha yake na nyuma yake, ukasikia maumivu makali palepale juu ya mfupa, nenda kapigwe eksirei. Bonyeza pia katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, ule mfupa wa kidole kidogo unapoanzia, na upande wa ndani mbele ya kifundo. Kama unapiga hatua nne na hizo sehemu haziumi ukizibonyeza, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kipimo hiki hakimfai mtoto mdogo, hakimfai mlevi, na hakimfai mtu ambaye miguu yake imeshakufa ganzi kwa kisukari.

Kiungo kimepinda, mfupa umetokeza nje, vidole vimekuwa baridi au havisikii: hayo siyo maswali ya kuniuliza kwenye simu, chukua bajaji uende.

Mbona jirani alivunjika mkono akapona wiki sita, mimi kano tu miezi mitatu bado?

Kwa sababu ya damu. Tishu yenye damu nyingi inapona haraka. Msuli una damu nyingi, ukichanika kidogo wiki moja mpaka tatu unarudi, ukichanika nusu hesabu wiki nne mpaka nane. Mfupa nao una damu nzuri, kwa mtu mzima mkono karibu na kiganja ni kama wiki sita, mfupa wa paja wiki kumi na mbili au zaidi, mtoto anapona haraka zaidi. Na mfupa una sifa ya ajabu, hauponi kwa kovu, unajaza mfupa mpya kabisa na baadaye unauchonga mpaka unarudi karibu na umbo lake.

Kano zina damu kidogo, kwa hiyo ni miezi. Gegedu la ndani ya goti halina mishipa ya damu kabisa, likilika kurudi ni shida. Kano ile ya katikati ya goti inayowakata wachezaji mara nyingi ikishakatika yote haiungi vizuri yenyewe, na mtu akifanyiwa upasuaji kurudi uwanjani kabla ya miezi 9 ni kutafuta kurudi meza ya upasuaji. Neva ndo mwendo wa konokono, inaota kama milimita 1 kwa siku, mtu aliyekatika neva kwenye kiwiko mpaka hisia zifike vidoleni piga hesabu mwenyewe.

Mama mkwe anataka nipelekwe kwa mtaalamu wa kuunga mifupa kijijini. Niende?

Swali gumu maana siyo la mifupa tu, ni la familia. Nisiwadharau wale wazee, wengine mikono yao inajua mfupa kuliko wanafunzi niliosoma nao, na mfupa uliopasuka bila kuhama utaunga hata ukiulaza tu. Hapo ndo sifa zinapotoka. Shida ni tatu. Hawana eksirei, kwa hiyo mfupa uliohama unaunga umepinda. Wanafunga vijiti kwa kukaza sana siku ya kwanza wakati uvimbe bado unakuja, damu inakosa njia, vidole vinakuwa vyeusi, na hapo tunazungumzia kukata mkono wa mtoto aliyeanguka tu kwenye mwembe. Na tatu, kidonda kilicho wazi juu ya mfupa uliovunjika kikipakwa majani kinaingiza uchafu mpaka ndani.

Ninachoshauri: piga eksirei kwanza, ujue kilichopo. Mama mkwe mpe hiyo picha aishike mwenyewe mkononi, aone ule ufa. Nimeona hiyo inamaliza mabishano mengi kuliko maneno yangu. Na ukishafungwa popote pale, maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikivimba, vikiwa baridi au ganzi, ifunguliwe saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku.

Supu ya makongoro inaunga mfupa?

Inapendeza na inashibisha, ile gundi unayoisikia mdomoni ni kolajeni kweli, lakini ukiimeza tumbo linaivunja vipande vidogo kama protini nyingine yoyote, haitoki kwenye bakuli ikaenda moja kwa moja kwenye mguu wako. Kunywa kama unaipenda. Usiuze kuku kwa ajili yake.

Basi nile nini?

Protini. Mtu mwenye jeraha kubwa anahitaji kama gramu 1.2 mpaka 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, zaidi ya mtu wa kawaida, na sisi watu wa ziwani tukikosa hiyo ni uvivu tu: dagaa, sato, furu, maharage, karanga, mayai, maziwa. Dagaa wakavu nawapenda zaidi maana ukiwatafuna wazima na mifupa yao unapata na kalsiamu, na zinki.

Halafu vitamini C, bila hiyo mwili hauwezi kufunga zile nyuzi za kolajeni. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda walipata kiseyeye, na kitu cha kutisha ni kwamba vidonda vyao vilivyopona miaka mingi nyuma vilifunguka upya. Kovu la zamani! Maana hata kovu linafumwa upya kila siku, uzi ukikosekana linaachia. Daktari wa meli, James Lind, mwaka 1747 aliwapa baadhi yao machungwa na malimao na hao ndo waliopata nafuu haraka. Sisi tuna mapera, na pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa mbali, na msimu wake yanaoza chini ya mti huku watu wananunua vidonge vya rangi.

Kidonda si kinaachwa wazi kipate hewa kikauke?

Hili nimebishana nalo mpaka na ndugu zangu. Mwaka 1962 mtafiti mmoja Uingereza, George Winter, alichukua nguruwe, akawafanyia vidonda vidogo, vingine akaviacha wazi vikauke, vingine akavifunika vibaki na unyevu. Vilivyofunikwa vilifunga ngozi karibu mara mbili haraka zaidi. Sababu yake ni nyepesi, seli za ngozi zinatambaa kutoka pembeni kwenda katikati, na zinatambaa kwenye unyevu, zikikuta gaga kavu inabidi zichimbe kwenda chini yake.

Kwa hiyo osha kwa maji safi yanayotiririka, yale unayoweza kuyanywa yanatosha na sabuni pembeni, kausha kwa kupapasa, paka vaselini kidogo, funika na gozi safi ya hospitali, badilisha ikilowa au ikichafuka. Unyevu siyo maji. Kidonda kikiogelea kwenye majimaji napo kimeharibika.

Spiriti na zile dawa zinazotoa povu ndani ya kidonda acha, zinaua bakteria pamoja na hizo seli zinazojaribu kukuponya. Na kufungua rangi mbili (zile kapsuli za antibiotiki) na kumwagia ule unga kwenye kidonda, jamani, jamani. Unga unagandana unakuwa kama saruji, uchafu unabaki chini, na unawafundisha bakteria kuizoea dawa.

Asali? Ina ukweli ndani yake. Asali iliyosafishwa maalumu kwa vidonda imeonekana kuharakisha kupona kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina. Ile ya kwenye chupa ya maji pembeni ya barabara ina vipande vya nyuki, na wakati mwingine sukari guru. Hiyo weka kwenye chai.

Nimeungua na eksozi ya bodaboda.

Kigimbi cha kulia, upande wa ndani, sivyo? Nusu ya dada zetu Mwanza wana hilo duara. Maji ya bomba ya kawaida yakitiririka juu yake dakika 20, dakika ishirini kamili kwa saa, siyo kumwagia kikombe kimoja. Hata kama umeshafika nyumbani limepita saa moja bado yanasaidia, mpaka kama masaa matatu. Usiweke barafu, dawa ya meno, yai, unga wa ngano, wala manyoya ya sungura. Lengelenge usilitoboe. Funika na kitu safi kisichonata. Kama eneo ni kubwa kuliko kiganja chako, au ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au ni mtoto, au pameungua mpaka pamekuwa peupe au peusi na hapaumi, nenda hospitali. Kutouma siyo nafuu, ni kwamba neva zenyewe zimeungua.

Nilisikia Brazil wanatibu moto kwa ngozi ya samaki, ni kweli au ni mambo ya WhatsApp?

Kweli kabisa, na samaki wenyewe ni sato! Yuleyule wa kwetu, maana huyo ana asili ya mto Nile na amefugwa dunia nzima. Madaktari wa Fortaleza, kaskazini mashariki ya Brazil, walianza kufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato iliyosafishwa, kwa sababu ina kolajeni nyingi na inashika unyevu, na inakaa kwenye kidonda siku kadhaa bila kubadilishwa kila siku. Aliyewahi kubadilishiwa bandeji ya moto anajua hilo linamaanisha nini. Ila ile ngozi inapitishwa kwenye dawa za kuua vijidudu na mionzi kabla haijaguswa na mgonjwa. Sasa nakuomba, na niliulizwa hili kwa dhati na mama anayeparua samaki, usitoe ngozi kwenye beseni ukambandika mtoto. Lile ni beseni la bakteria.

Nina kidonda mguuni na kazi yangu ni majini, nifanyeje?

Najua kukwambia usiingie ziwani ni kukwambia usile. Kichocho chenyewe kinapenya hata ngozi nzima kwa hiyo hilo ni tatizo lako hata bila kidonda, ila maji ya ziwa yana bakteria wengine ambao wakipata mlango wanaenda kasi, mguu unavimba ndani ya siku moja. Kama unaweza badilishana na mwenzako wiki mbili, wewe baki kushona nyavu au kuanika dagaa. Kama huwezi, buti za mpira ndefu, na ukitoka osha kidonda kwa maji ya bomba na sabuni palepale, funika upya. Homa, mistari inayopanda juu ya mguu, au harufu, hapo hakuna cha kusubiri.

Sindano ya pepopunda mpaka nichomwe kila nikijikata?

Kama ulimaliza chanjo zako, kidonda safi unahesabu miaka 10 tangu ya mwisho, kidonda kichafu (msumari, udongo, kinyesi cha ng'ombe, mwiba wa samaki) miaka 5. Hukumbuki ulichomwa lini? Basi chomwa.

Nameza diklo (diklofenaki, ile dawa ya maumivu) kila siku ili niweze kufanya kazi, kuna ubaya?

Siku mbili tatu sawa. Wiki tatu siyo sawa. Dawa hizo zinazima uvimbe ambao mwili unauhitaji mwanzoni, zinachimba vidonda vya tumbo, zinachosha figo, na mbaya zaidi zinakuficha maumivu ili uendelee kubeba magunia juu ya msuli uliochanika. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha, mjamzito au mwenye sikoseli asijimezee tu bila kuuliza. Kwa maumivu ya kawaida anza na parasetamo.

Zile mashine za fizio, umeme na nini, zinasaidia kweli?

Nitasema ukweli hata kama nitagombana na wenzangu wa kazi. Mashine ya umeme wa kutetemesha inapunguza maumivu kwa baadhi ya watu ikiwa imewashwa, ni sawa ikikusaidia uweze kufanya mazoezi. Ultrasaundi ya kusugulia na jeli kwa kifundo kilichoteguka haijaonyesha faida ya maana. Ile ya mawimbi ya mshtuko ina nafasi kwenye maumivu sugu ya kisigino. Sindano za damu yako mwenyewe iliyochujwa matokeo yake yanapingana na bei yake inajulikana. Sindano ya steroidi kwenye kiwiko inaua maumivu wiki chache, ukiwafuatilia baada ya mwaka waliochomwa wako nyuma kuliko waliofanya mazoezi au hata waliosubiri tu.

Ukienda sehemu ukalazwa chini ya mashine nusu saa, ukalipa, ukaondoka bila kufundishwa zoezi hata moja la kufanya nyumbani, siku kumi mfululizo, badilisha sehemu.

Mazoezi gani basi?

Inategemea, lakini nikupe moja ujue namna yanavyofanya kazi. Daktari wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, alikuwa na maumivu sugu ya kano ya nyuma ya kisigino, bosi wake akakataa kumpasua, yeye kwa hasira akaamua kuipakia uzito mpaka ikatike. Badala ya kukatika ikapona. Mwaka 1998 akatoa utafiti wake: unasimama na vidole kwenye ukingo wa ngazi, unanyanyuka kwa mguu mzima, unashuka polepole kwa mguu mbovu kisigino kikipita chini ya ngazi, mara 15, raundi 3 goti limenyooka na 3 goti limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Wakazi wa Mabatini, Igogo na Isamilo, mnaopanda ngazi za mawe kila siku mkilalamika, jimu mnayo mlangoni.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Sheria yangu ni hii, kama kesho yake asubuhi panauma zaidi ya jana asubuhi, ulizidisha, punguza. Kama ni kama jana, ongeza kidogo wiki ijayo. Na kwa waliotegua kifundo, simama mguu mmoja unapopiga mswaki, ukiweza fumba macho. Utajiona kama mlevi wiki ya kwanza.

Wamenitoa hogo (ile plasta ngumu ya kufungia mfupa), mkono umekonda kama wa mtoto na haukunji, wameniharibu?

Hawajakuharibu. Msuli usiotumika wiki sita unayeyuka na kiungo kinakakamaa, ni kawaida. Hapa sasa ndo maji ya uvuguvugu yana kazi yake, loweka dakika kumi, halafu kunja na kunyoosha mwenyewe, usimruhusu mtu akukunje kwa nguvu. Kamua tambara lenye maji. Funga na fungua mifuniko ya chupa. Mama mmoja anayepasua kokoto aliniuliza "Ng'wanawane (mwanangu, kwa Kisukuma), nitarudi lini kwenye nyundo?", tukaanza na kukanda unga wa chapati, kilo moja, kila siku. Alirudi mwezi wa tatu na nyundo ndogo kwanza.

Nina kisukari na kidonda cha mguu hakiponi.

Usisubiri wiki. Sukari ikiwa juu mishipa midogo inaziba na chembe nyeupe zinakuwa wavivu, na miguu haisikii, mtu anatembea na msumari ndani ya kandambili siku nzima. Kila usiku kagua nyayo, chini weka kioo au muite mtoto aangalie. Sukari ishuke, kidonda kisafishwe na mtu anayejua, na mguu upunguziwe uzito.

Na wenye sikoseli, ambao Kanda ya Ziwa tunao wengi kuliko sehemu nyingi za nchi, vile vidonda juu ya kifundo ni vya ugonjwa wenyewe, siyo vya kurogwa, vinachukua miezi na vinarudi, vinahitaji kliniki yako ya sikoseli ijue.

Sigara inahusiana nini na mfupa?

Nikotini inabana mishipa ya damu. Damu ndo inapeleka kila kitu. Mifupa ya wavutaji inachelewa kuunga na mingine haiungi kabisa.

Kovu langu linazidi kukua hata baada ya kidonda kufunga.

Hiyo ni kiloidi, seli zimesahau kuacha kushona. Sisi weusi tunazipata zaidi, hasa masikioni, kifuani na mabegani. Usikimbilie kukatwa, ikikatwa peke yake mara nyingi inarudi kubwa kuliko ya kwanza. Kuna sindano za kuchoma ndani yake kila baada ya wiki kadhaa, kuna bandeji za silikoni na za kubana, daktari wa ngozi anajua kuzichanganya. Kama ukoo wenu una kiloidi, tundu la pili la sikio fikiria mara mbili.

Nikikukuta kwenye daladala naweza kukuonyesha mguu?

Unaweza. Ila tukishuka stendi nitakwambia upige hatua nne kwanza, mbele za watu.